Risasi Baridi

Bwana Hilari Semkiwa ameileta kwa baiskeli,
amplifaya ya valvu, imefungwa kwa kamba ya katani
na kufunikwa kanga iliyochujuka maneno.
Ameisukuma toka Chumbageni hadi Barabara ya Kumi na Tatu
kwa kuwa haamini pikipiki.
"Inaimba dakika ishirini," anasema, "halafu inakata.
Ina tabia hiyo tangu sabini na nane."

Sina mitambo ya maabara.
Nina mita ya njano yenye kioo kilichopasuka,
osiloskopu ndogo kama kisanduku cha sabuni, niliiunga mwenyewe,
balbu ya wati mia ya kuupokea umeme mlangoni
ili kukiwa na shoti iwake yenyewe, transfoma isiungue,
na kijiti cha mshikaki.
Kijiti ndicho ninachokitegemea zaidi.

Kwanza namwaga umeme uliobaki kwenye kapasita.
Plagi imechomolewa, lakini umeme uliolala haujafa.
Mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni:
ndivyo nilivyofundishwa, na ndiyo sababu ningali hapa
nikilalamikia bei ya valvu.

Nawasha. Balbu inang'aa, inafifia. Vizuri.
Valvu zinaiva polepole, rangi ya papai,
vumbi la miaka linanukia.
TANESCO leo wametupa mia mbili na kumi; tutakula tulichopakuliwa.
Kwenye anodi volti mia na sitini. Zimetulia.
Tunakunywa chai. Tunasubiri ugonjwa uamke.

Dakika ya kumi na tisa mawimbi yanalala kiooni,
mstari mnyoofu,
na mita inaruka: mia mbili na sabini.
"Imenyamaza, mbona umeme umezidi?"
Ndivyo, namwambia. Valvu inayofanya kazi huutumia.
Isiyofanya, unaijaa tu mpaka shingoni.
Anatikisa kichwa taratibu, kama ninayemsema yeye.

Kisha anasimulia, wala sikumuuliza.
Ukumbi wa wafanyakazi wa mkonge, usiku wa Pasaka, wimbo wa tatu,
zamu ya gitaa lake kutoka peke yake,
na gitaa halikutoka.
Vidole vinakwenda, sauti hakuna.
Mwimbaji akasema kwenye maikrofoni: "Hilari, nenda kalale."
Watu walicheka.
Wiki ile ile akaomba kazi stesheni,
kupima mizigo, miaka thelathini na mmoja.
"Waliposema nimelewa, nilikubali.
Ilikuwa rahisi kuliko kueleza."

Nagonga kwa kijiti. Kapasita, kimya. Soketi, kimya.
Rezista ya kathodi: krrr.
Naleta lenzi.
Risasi imepauka, ina chembechembe kama uji uliopoa;
haikuwahi kuungana na waya, iliulalia tu.
Waya umezungushwa mara mbili, kuelekea kushoto.
Pembeni, nukta ya rangi ya kucha, nyekundu.

Wengi huzungusha kulia.
Rangi ile ilikuwa ya dada yangu Zawena.
Nilimwibia chupa nzima, nina miaka kumi na saba,
mwanagenzi dukani kwa Jivraj,
natia nukta kila nimalizapo, bosi ajue nimekagua.
Hii sikukagua.
Ilikuwa Ijumaa Kuu, bendi inapiga honi nje.

Nayeyusha. Nasubiri ing'ae.
Sekunde nne.

Anapiga. Dakika ishirini. Ishirini na tano.
Vidole vimekuwa vizito, anakosea, anarudia, haikati.
Nazima.
"Ilikuwa nini?"
"Risasi baridi."
Plagi iko mkononi mwangu, hakuna cha kunipiga,
na bado mkono wa kushoto umekwenda mfukoni wenyewe.

Anataka risiti.
Kwa kulia siwezi kuandika.
Nautoa. Naandika: *Kosa la fundi. Hakuna malipo.*
Anasoma akiishika mbali na macho.
Anautazama mkono, anainama, anaitazama nukta.
"Fundi yupi?"

Valvu bado za moto.
Huwezi kuzigusa.